Sekunde Kumi za Kwanza

Ndirangu alikuwa na siku kumi na tisa kaburini, kule Nyahururu, siku damu yake ilipopitishwa kwenye mashine mjini Doha.

Ilikuwa Jumapili, mwanzo wa wiki ya kazi, saa nane mchana. Nje jua la Agosti lilikuwa limemfukuza kila mtu barabarani. Ndani ya maabara Nyanchama alikuwa amevaa sweta chini ya koti lake jeupe, maana kiyoyozi cha jengo lile kilikuwa na ubaridi wa kuumiza vidole. Asubuhi alitoa vichupa kwenye friza, akaviacha viyeyuke, akaandaa plazma, akaipa mashine. Mashine ile ilikuwa ikimeza tone, ikinguruma dakika nne, kisha ikitema namba.

Namba za washiriki kumi na sita wa kwanza zilikuja vile alivyozitarajia. Mtu humeza kidonge chake cha ugonjwa wa sukari alfajiri, dawa hupanda kwenye damu taratibu, kisha hushuka mpaka kesho yake alfajiri ikawa imebaki kidogo sana. Ukiichora kwenye grafu unapata kilima kidogo, na kesho yake kilima kingine kama kile. Nyanchama alikuwa amechora vilima hivyo kwa miaka mitatu. Alikuwa mfamasia kutoka Kisii, amekuja Doha kusomea shahada ya uzamivu katika fani inayofuata safari ya dawa mwilini: inaingiaje, inakaa wapi, inatokaje na kwa muda gani. Swali lake lilikuwa moja. Dawa ya sukari aliyoichagua haivunjwi na ini. Inatoka kwa mkojo vilevile ilivyoingia. Sasa, mtu anayefanya kazi kwenye joto, anayetoka jasho siku nzima na kunywa maji machache, figo zake zinaitoa dawa hiyo vizuri au inabaki?

Grafu ya mshiriki namba kumi na saba haikuwa na vilima. Alfajiri ya siku ya kwanza, ya tano na ya tisa, dawa ilikuwa pale chini inapopaswa kuwa. Siku ya kumi na tatu ilikuwa mara tatu ya hapo. Siku ya kumi na saba ilikuwa mara tisa.

Siku ya ishirini Ndirangu alikufa.

Nyanchama aliitazama skrini mpaka ikajizima yenyewe. Akaigusa ikawaka, namba zikawa zilezile. Damu ile ilikuwa imekaa kwenye friza, hatua sita kutoka mezani kwake, tangu mwenyewe yuko hai. Haikupimwa kwa sababu mpango wa utafiti ulisema sampuli zote zipimwe pamoja mwishoni, na mpango huo ulikuwa umeandikwa na Nyanchama.

*

Walikutana mwezi wa sita, kwenye zahanati ya Al Wakrah ambako Nyanchama alikuwa akitafuta watu wa kujitolea. Ndirangu alikuwa mlinzi wa geti la maghala, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye tabia ya kuvua kofia akiingia ofisini na kuishika kwa mikono miwili. Sukari yake ilikuwa imegunduliwa miezi minne kabla. Aliposikia lafudhi ya Nyanchama uso wake wote ulifunguka.

"Wewe ni wa kwetu!" alisema. "Basi niandike. Mimi nitakuwa mwanafunzi mzuri."

Utafiti wenyewe haukumpa mtu dawa mpya. Ulifuata tu dawa ambayo mtu alikuwa akiitumia tayari. Kwa wiki tatu mshiriki angemeza kidonge chake kama kawaida, muuguzi angefika kwenye kambi wanakolala wafanyakazi kila baada ya siku nne kuchukua damu, na kila siku mshiriki angetuma saa aliyomeza. Wengine waliandika saa hiyo kwenye programu ya simu, kwa Kiingereza. Ndirangu aliuliza kama anaweza kutuma sauti, kwa Kiswahili, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikubwa na miwani yake ilivunjika. Nyanchama akakubali. Ilikuwa ni hisani ndogo kwa mtu wa nyumbani.

Kabla ya kuondoka alirudi mlangoni, akasitasita.

"Daktari, samahani, hii ni mambo ya choo. Kidonge kinatoka kizima vile nilikimeza. Sasa si ninakula dawa ya bure?"

Nyanchama hakuweza kujizuia kucheka. Akamwelezea kwamba kidonge kile kimetengenezwa makusudi. Maji ya tumbo huingia ndani, dawa huchuruzika polepole siku nzima, ganda hubaki tupu na kutoka lilivyo. Wenye fani hiyo hukiita mzuka wa kidonge.

"Kumbe natembea na mizuka tumboni," Ndirangu alisema, naye akacheka, akaenda zake na kofia yake.

Kesho yake ujumbe wa kwanza ulifika. "Daktari, habari ya asubuhi. Ni mimi Ndirangu wa geti. Nimemeza saa kumi na moja na dakika ishirini. Nimekula mkate na chai kwanza vile ulisema." Kisha akaendelea dakika mbili nzima kuhusu paka aliyezalia chini ya kibanda cha walinzi.

Nyanchama aliusikiliza wote, akatabasamu. Wa pili pia. Wa tatu aliusikiliza akiwa kwenye metro, akashuka kituoni kabla haujaisha. Kufikia wiki ya pili alikuwa na washiriki ishirini na wanne, sampuli za kupanga na ripoti ya msimamizi wake, Profesa Ilham, ya kuandika, na alikuwa amejua kwamba saa husemwa mwanzoni, baada ya salamu. Sekunde kumi zilitosha. Alisikiliza sekunde kumi, akaandika saa, akamtumia Ndirangu alama ya kidole gumba kilichoinuliwa, akaenda kwa mwingine.

Habari ya kifo aliletewa na Arnold, aliyeishi chumba kimoja na Ndirangu na kufanya kazi kampuni moja naye. Alipiga simu saa tatu asubuhi. "Daktari, Ndirangu ametuacha. Jana alirudi kutoka kazini akalala, hakuamka vizuri. Hospitali wamesema moyo umesimama."

Nyanchama alilia. Alikwenda kwenye maombi Al Wakrah, akaketi kati ya walinzi waliokuja na sare zao, akaimba nao. Aliiandikia kamati ya maadili ya utafiti kwamba mshiriki mmoja amefariki, kwamba utafiti haukumpa dawa yoyote, kwamba hospitali imetaja moyo. Kamati ikapokea barua. Mwili ukasafirishwa nyumbani. Na Nyanchama, baada ya huzuni yake, aliweza kulala, kwa sababu hakuona pahali popote alipokosea.

*

Profesa Ilham alikuwa mwanamke wa Kisudani mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Aliitazama grafu ya kumi na saba kwa muda.

"Huyu ndiye aliyefariki?"

"Ndiye."

"Masikini. Lakini angalia, Nyanchama. Namba ya alfajiri inaweza kupanda hivi kama mtu amemeza kidonge kabla ya kutolewa damu badala ya baada. Watu husahau. Hakiki saa zake. Zikiwa na shaka, tutamwacha nje ya hesabu na kusema wazi kwamba hakumaliza utafiti. Hakuna atakayelalamika."

Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa. Nyanchama mwenyewe angempa mwanafunzi wake ushauri uleule. Alirudi mezani, akavaa vipokea sauti vya masikioni, akafungua mazungumzo ya Ndirangu. Jumbe kumi na tisa, na chini ya kila mmoja, kidole gumba chake.

Safari hii aliziacha ziende mpaka mwisho.

Za wiki ya kwanza zilikuwa za paka, za joto, za mwanawe Chelsea aliyekuwa kidato cha pili na aliyetaka kuwa rubani. Siku ya nane alisema mgongo unamsumbua kwa kusimama, na kiyoyozi cha kibanda kimekufa, na choo kiko mbali hivyo amepunguza kunywa maji ili asiache geti. Siku ya tisa alisema: "Arnold amenigawia tembe zake za mgongo, zile za manjano. Nameza mbili asubuhi, mbili jioni. Zinasaidia, Mungu ambariki."

Nyanchama aliweka mkono mdomoni. Alizijua tembe hizo. Zinapunguza maumivu na pia zinapunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji figo zinaweza kufunga mlango kabisa. Hiyo ilikuwa sura nzima ya andiko lake. Aliwahi kufundisha somo hilo.

Siku ya kumi na mbili alisema tumbo linachafuka. Siku ya kumi na tatu alisema ametapika chai, na kwamba muuguzi alipokuja alimuuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa, naye akamjibu yuko sawa, "kwa sababu mambo yangu nakuambia wewe, daktari, wewe ndiye unajua."

Siku ya kumi na nne sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya mtu anayeongea huku akipanda ngazi.

"Daktari, habari ya asubuhi. Ni Ndirangu. Nimemeza saa kumi na moja na nusu." Akapumua. "Sasa daktari, niko na swali. Hii kutapika haiishi, na mwili hauna nguvu, na mkojo umekuwa kidogo sana. Nilikuwa nafikiria nipumzishe dawa ya sukari na hizi tembe, ama niende hospitali. Lakini sitaki kuharibu masomo yako. Wewe uniambie. Niendelee ama niache?"

Chini yake, kidole gumba.

Siku ya kumi na tano: "Daktari, nimemeza saa kumi na moja na robo. Asante sana kwa kunijibu jana. Basi naendelea."

Nyanchama alivua vipokea sauti, akaviweka mezani polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Wenzake wawili walikuwa wakizungumza kuhusu chakula cha mchana karibu na dirisha, mmoja kutoka Amman, mwingine kutoka Manila. Wangeweza kumsikia Ndirangu akisema yote yale wakaendelea na mazungumzo yao. Katika jengo lile lote, ghorofa zake nne, hapakuwa na sikio lingine linaloelewa Kiswahili.

*

Hakumwambia mtu. Alimwandikia Profesa Ilham kwamba bado anahakiki.

Ndirangu alianza kumfuata tangu wiki hiyo. Nyanchama hakumwona popote, alimsikia tu. Angekuwa anapanda ngazi za umeme kituoni Al Sadd, na nyuma yake mtu akapumua kwa kukatakata, na mwili wake wote ukageuka kabla hajajiamuru. Angekuwa anafungua bomba la maji, akasikia, waziwazi kabisa, "daktari, habari ya asubuhi." Aliamka kila siku saa kumi na moja na dakika ishirini bila kengele, akalala akitazama simu, akisubiri ujumbe usiokuja. Mwenzake wa chumba, Hannah, ambaye ni muuguzi, alimuuliza kama ana mimba, kwa namna alivyokuwa akishindwa kula.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa kazi yake mwenyewe. Alikuwa na programu ya kompyuta inayoweza kuiga mwili: unaipa uzito wa mtu, umri, nguvu za figo, vidonge vyake na saa zake, nayo inachora dawa itakavyopanda na kushuka. Alimwingiza Ndirangu. Figo nzima: mstari haukufanana na damu yake. Akazipunguza figo kwa nusu kuanzia siku ya kumi, kisha robo tatu. Mstari ukapita katikati ya namba zake zote, kama uzi unavyopita kwenye tundu la sindano. Saa alizotaja zilikuwa za kweli. Hakuwahi kudanganya hata dakika moja.

Kisha akafanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Akaiambia programu: siku ya kumi na nne, mtu huyu ameambiwa aache.

Mstari ukashuka. Siku ya kumi na tano ulikuwa umepungua. Ya kumi na saba umekaribia chini. Ya ishirini umelala kabisa, umetulia. Siku ya ishirini na moja ikaja kwenye skrini, na ya ishirini na mbili, na Ndirangu alikuwa anaishi.

Alifuta. Akachora tena. Wiki mbili mfululizo, baada ya chakula cha mchana, wakati maabara imepoa, Nyanchama aliketi akimchora mtu yule akipona. Alimpa siku thelathini. Alimpa miezi. Programu haikuchoka, ilimpa Ndirangu kila siku aliyoombewa.

*

Arnold alimpigia mwishoni mwa Agosti akaomba waonane. Walikutana Ijumaa asubuhi kwenye mkahawa mdogo wa Al Sadd, mahali pa chapati na chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, pamejaa madereva. Arnold alikuwa kijana mfupi mwenye mabega mapana. Hakugusa chai yake.

"Daktari, nitakuuliza kitu na usinifiche. Wewe ulikuwa na damu yake. Zile tembe zangu ndizo zilimuua?"

Nyanchama alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu simu ilipokatika. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema damu haikuonyesha kitu. Arnold angeinuka mwepesi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Kwa nini unauliza?" alisema, akijinunulia muda.

"Kwa sababu nilimwona akitapika. Nikamwambia, mzee, wacha hizi vitu, twende hospitali. Akakataa. Akanionyesha simu." Arnold aliinua kidole gumba chake juu ya meza, akakiacha pale hewani. "Akasema, daktari ameambiwa yote na amesema niendelee. Mimi ni nani nimpinge daktari? Nikaenda duka la dawa nikamnunulia pakiti nyingine."

Mkahawa uliendelea na kelele zake. Nyanchama alikitazama kile kidole mpaka Arnold akakishusha.

"Sikusikia," alisema.

"Nini?"

"Sikumsikiliza, Arnold. Nilikuwa nasikiliza saa tu, pale mwanzo. Yale mengine sikuyasikia. Nilikuwa nikituma hiyo alama kwa kila ujumbe. Haikuwa jibu. Haikuwa na maana yoyote."

 Midomo ya Arnold ilisogea kidogo, kama anayesoma maandishi ya mbali.

"Tembe zako peke yake zisingemuua," Nyanchama aliendelea, na sauti yake ikamshangaza kwa utulivu wake. "Joto lilikuwepo, na maji hakunywa, na figo zikachoka, na dawa ya sukari ikajaa mwilini ikawa sumu. Huenda moyo wake ulikuwa na shida yake pia; hilo sitalijua kamwe. Lakini aliniuliza kama aache, na angeacha. Siku ile bado kulikuwa na muda."

"Kulikuwa na muda."

"Siku sita."

Arnold alisimama. Nyanchama alidhani atampiga, na akagundua kwamba hangejikinga. Badala yake alichukua kofia yake kwenye kiti, akaishika kwa mikono miwili namna ileile ya Ndirangu. Labda walinzi wote hushika hivyo.

"Mwambie mkewe," alisema. "Mimi sitaweza. Mwambie vile umeniambia."

*

Jumapili aliingia ofisini kwa Profesa Ilham, akafunga mlango, akaweka simu mezani. Hakuleta tafsiri iliyoandikwa. Alifungulia ujumbe mmoja baada ya mwingine, akausimamisha kila baada ya sentensi, akausema kwa Kiingereza, neno kwa neno. Alimpa profesa paka na Chelsea na choo kilicho mbali. Alipofika siku ya kumi na nne hakuongeza wala kupunguza. Alipofika ya kumi na nane, ambapo Ndirangu alitaja saa na kisha akabaki akipumua tu kwa sekunde arobaini bila kuacha kurekodi, hakuwa na cha kutafsiri, nao wakakaa wakimsikiliza.

Profesa Ilham aliondoa miwani yake.

"Nilisaini mpango huu," alisema. "Niliona kwamba figo zinapimwa mara moja tu, mwanzoni. Niliona, nikasema inatosha." Kisha akaongeza: "Unajua ungeweza kukaa kimya."

"Nimekaa kimya wiki tatu. Kichwani hakukuwa kimya."

Walimwandikia mwenyekiti wa kamati siku hiyohiyo. Utafiti ulisimamishwa asubuhi iliyofuata. Nyanchama aliitwa mbele ya kamati mara mbili. Alijibu aliyoulizwa, hakuomba kupunguziwa. Ripoti yao ilikuja mwezi wa kumi na moja. Ilisema kwamba sababu ya kifo haiwezi kuthibitishwa kwa kuwa maiti haikupasuliwa. Kwamba dalili za hatari ziliripotiwa na mshiriki na hazikusikilizwa. Kwamba mpango ulikuwa na kasoro tangu kuandikwa. Kwamba mwanafunzi asimamishwe masomo kwa muhula mmoja, na akirudi asikusanye data bila mtu mwingine kuangalia. Chuo kilituma barua rasmi kwa familia. Nyanchama aliomba ruhusa ya kupiga simu yeye mwenyewe, akaruhusiwa.

Mke wa Ndirangu aliitwa Phoebe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza hata mara moja. Nyanchama alisikia kuku kwa mbali, na mlango, kisha akadhani simu imekatika.

"Mama Chelsea? Uko?"

"Niko." Sauti ya Phoebe haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Aliugua siku ngapi?"

"Nane. Kuanzia alipoanza kuumwa tumbo."

"Siku nane. Mimi alikuwa akinipigia kila jioni. Kila jioni nikimuuliza, ananiambia yuko fiti, nisiwe na wasiwasi." Akavuta pumzi. "Ukweli alikuwa akikuambia wewe."

Nyanchama aliibana simu sikioni, Phoebe akauliza:

"Hizo sauti ziko?"

"Ziko zote."

"Nitumie. Zote, usichague. Kisha usinipigie tena. Sijakulaani, lakini usinipigie tena."

Alizituma siku hiyo, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wake. Aliona alama za kupokelewa zikitokea. Kwa siku nne hazikufunguliwa. Siku ya tano ilifunguliwa ya kwanza, ile ya paka, na kesho yake ya pili. Phoebe alikuwa akisikiliza moja kwa siku. Nyanchama alizihesabu pamoja naye, huku akijua ni asubuhi gani kule Nyahururu itakuwa siku ya kumi na nne, na asubuhi hiyo alipiga magoti kando ya kitanda chake na hakuweza kuomba chochote.

*

Muhula aliosimamishwa hakurudi Kenya. Alibaki Doha, akawa anakwenda zahanati ya Al Wakrah mara tatu kwa wiki kujitolea kwenye dirisha la dawa, akieleza watu kwa Kiswahili na Kiingereza ni vidonge gani havipaswi kukutana tumboni. Haikumpa raha. Aliendelea kuamka saa kumi na moja na dakika ishirini. Wakati mwingine, akiwa na mgonjwa mbele yake, angesikia ile pumzi ya kupanda ngazi kati ya maneno ya mgonjwa, akalazimika kuomba mtu arudie.

Januari Arnold alitokea kwenye foleni. Walikuwa hawajazungumza tangu ile Ijumaa ya karaki. Alisubiri zamu yake kama watu wengine, kisha akainamia dirisha.

"Nimemeza zile za manjano miaka miwili," alisema. "Kila siku. Sijawahi kumwambia mtu."

Nyanchama alimwomba mwenzake akae dirishani, akatoka, akaenda na Arnold mpaka chumba cha kupimwa. Walikaa kwenye viti vya plastiki kwa karibu saa mbili. Arnold alitaja kwamba wamemhamishia ndani, kwenye mapokezi ya jengo la ofisi, ambako kuna maji na kiyoyozi. Alisema kitanda cha Ndirangu amepewa Mganda mmoja mpole, lakini yeye Arnold hulala ameangalia upande mwingine.

Majibu yalionyesha figo za Arnold zimechoka, ingawa hazijafa. Daktari wa zamu alisema akiacha tembe hizo na kunywa maji zinaweza kurudi kiasi, na akampa tarehe ya kupimwa tena baada ya mwezi mmoja. Arnold aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Utakuwepo siku hiyo?" aliuliza.

"Nitarudi chuoni mwezi ujao. Lakini Jumamosi niko huru. Niko hapa."

"Basi nitaomba wanibadilishie tarehe, nije Jumamosi."

Alitoka nje kwenye jua la Januari, ambalo huko halimchomi mtu, akavuka barabara kuelekea kituo cha basi.